Seleniamu na Kondoo wa Dada

Tangu nilipostaafu ualimu mkuu na kurudi nyumbani Matai, watu hawajaacha kuniita Mwalimu, wala hawajaacha kuniuliza maswali, kana kwamba darasa limehamia barazani kwangu. Wengi huja na barua za kusomewa, fomu za mirathi na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Maswali ya namna hiyo hayanisumbui, maana nusu ya majibu yake aghalabu yamo katika karatasi ileile aliyoishika muulizaji. Lakini swali aliloniuliza dada yangu mkubwa mwezi Machi mwaka 2023 lilinichukua siku tatu kulijibu, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, dawa ikimzidi kondoo mwilini, inatoka? Na kama inatoka, inatokea wapi?" (Naam, hata yeye aliyenibeba mgongoni huniita Mwalimu.)

Kwanza nieleze kilichomfikisha kwenye swali hilo. Dada ni mjane wa miaka mingi. Watu wa Ufipa tunajulikana zaidi kwa ng'ombe, ulezi na maharage, lakini yeye alichagua kondoo, kwa sababu, kama asemavyo, kondoo hawapandi juu ya vibanda vya watu kama mbuzi. Wakati huo alikuwa na tisa: majike watano, dume mmoja na wanakondoo watatu. Mjukuu wake wa kike alikuwa amefaulu kidato cha nne na akisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, na kondoo hao ndio waliokuwa godoro, sanduku, sare na nauli ya mtoto yule. Hapakuwa na fungu jingine.

Basi wawili kati ya wanakondoo wakaanza kukakamaa miguu ya nyuma, wakawa wanasimama kwa shida na kutembea kama wazee wenye baridi yabisi. Akapita muuza dawa mmoja kwa pikipiki. Akawatazama, akasema wamekosa madini, akatoa chupa ya seleniamu iliyochanganywa na vitamini E. Chupa ile ilikuwa na picha ya ng'ombe. Akajaza bomba la sindano mililita 2, akamchoma mwanakondoo wa kwanza. Akajaza tena mililita 2, akamchoma wa pili. Akaendelea hivyo hivyo mpaka wakaisha wote tisa, wakubwa kwa wadogo, wagonjwa kwa wazima. Akapokea fedha yake, akaondoka.

Ilipofika jioni wanakondoo walikuwa wakihema kwa nguvu, povu likiwatoka puani. Kulipopambazuka wote watatu walikuwa wamekufa. Wakubwa walisimama vichwa chini, hawali wala hawacheui. Dada aliponisimulia alitaja jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliliona ni la ajabu tu, nami nikaliandika pembeni mwa gazeti nililokuwa ninasoma: alipowainamia kondoo wale wakubwa, pumzi yao ilinuka kitunguu saumu.

Asubuhi ileile mchinjaji mmoja alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja na kutaka kuwachukua wote sita kabla hawajafa, kwa bei ambayo dada aliona haya hata kunitajia. Hapo ndipo lilipokuwa jambo zito. Akiwauza, nyama italiwa Matai hapa hapa, na watoto wa majirani. Akikataa, huenda wakafa mikononi mwake, akakosa kondoo na fedha pamoja. Hakumpa mchinjaji jibu. Alikuja kwangu na swali lile.

Mimi si daktari wa mifugo. Lakini ualimu una faida moja ambayo haipungui mtu anapostaafu, nayo ni wanafunzi. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba alisomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Nilimpigia simu, tukazungumza mpaka salio likaisha, naye akapiga tena. Siku zilizofuata alinitumia mambo ya kusoma katika simu, na afisa mifugo wetu alifika akaongeza ya kwake. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwao na katika kusoma, nikayapanga kwa namna ambayo mwalimu huyapanga mambo ili yeye mwenyewe ayaelewe kwanza.

Seleniamu ni elementi, ndugu ya salfa. Mkemia wa Sweden aitwaye Berzelius aliigundua mwaka 1817 katika matope yaliyobaki chini ya mitambo ya kutengenezea asidi ya salfa, akaipa jina la mwezi kwa Kigiriki, kwa kuwa elementi inayofanana nayo ilikuwa imekwisha kupewa jina la dunia. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilijulikana kuwa ni sumu tu. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na mwenzake walionyesha kwamba panya wakiikosa kabisa ini lao huharibika, na mwaka uliofuata watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha kwamba wanakondoo waliozaliwa na mama walioikosa hupata ugonjwa wa misuli kuwa myeupe, wakakakamaa miguu. Kwa hiyo muuza dawa yule hakutunga uongo alipotaja upungufu, ijapokuwa kukakamaa miguu kuna sababu nyingine nyingi, na hakumpima mnyama yeyote.

Hata upungufu wenyewe si jambo la mbali nasi. Malawi, tunaopakana nao, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mahindi ya sehemu kubwa ya nchi yana seleniamu kidogo mno, kwa kuwa udongo wenye uchachu huishikilia isiingie katika mmea. Mahindi ya udongo mweusi wa bonde la Shire ndiyo yaliyokuwa nayo ya kutosha. Na wenzangu wa rika langu watakumbuka vidonge vya mafuta ya madini joto tulivyowagawia watoto mashuleni katika nyanda za juu, ili kuzuia tezi la shingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba kimeng'enya kinachoamsha homoni ya tezi hilo hujengwa kwa seleniamu. Kwa hiyo madini joto peke yake hayamalizi kazi. Mwili unaitaka seleniamu, ila unaitaka kwa kipimo cha mchawi: kondoo huhitaji kiasi cha sehemu moja hadi tatu za kumi za miligramu katika kila kilo ya malisho makavu. Kipande cha chaki kidogo tu ni maelfu ya miligramu.

Hapo nikachukua kalamu. Afisa mifugo alinieleza kwamba dozi ya kawaida ya sindano kwa kondoo ni kama miligramu 0.055 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Dawa hii hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali: ipo ya wanakondoo wachanga yenye robo ya miligramu katika kila mililita, na ipo ya ng'ombe yenye miligramu 5. Chupa ya muuza dawa ilikuwa ya miligramu 5. Kila kondoo, basi, alipata miligramu 10. Jike wa kilo 30 alipata theluthi moja ya miligramu kwa kila kilo, yaani mara sita ya kipimo. Mwanakondoo wa kilo 4 alipata miligramu 2.5 kwa kila kilo, yaani mara arobaini na tano. Na kwa njia ya sindano, miligramu 1 kwa kilo, hata pungufu yake, imekwisha kuua wanyama wengi wachanga. Hesabu hii ni ya darasa la sita. Wale watatu walikufa kwa hesabu ya darasa la sita.

Mambo ya namna hii hutokea hata kwa matajiri. Mwezi Aprili mwaka 2009, huko Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa kwa mkupuo mmoja baada ya kuchomwa dawa ya kuwapa nguvu iliyochanganywa vibaya. Walipopimwa walikutwa na seleniamu iliyopita kiasi. Farasi mmoja wa aina ile huenda akanunua Matai nzima na ng'ombe wake.

Nirudi kwenye swali la dada. Kijana wangu wa Morogoro aliniambia jambo ambalo lilinifumbua macho: kwamba kondoo ana ulinzi mkubwa dhidi ya seleniamu, lakini ulinzi huo uko kinywani na tumboni, na sindano imeupita ulinzi kwa nyuma.

Kondoo, kama wanyama wote wanaocheua, ana tumbo kubwa la kwanza ambamo majani hukaa na kuchachuka kabla ya kumeng'enywa. Humo hamna hewa ya oksijeni. Mna bakteria wasiohesabika. Chumvi za seleniamu zinazoingia na chakula zimebeba oksijeni ndani yake, na bakteria hao huzipokonya ile oksijeni mpaka inabaki seleniamu tupu, chembechembe zisizoyeyuka, au inaungana na metali nyingine kuwa kitu kisichoyeyuka vilevile. Kitu kisichoyeyuka hakipenyi ukuta wa utumbo. Hupita moja kwa moja na kutoka na kinyesi. Sehemu nyingine bakteria huitumia kujenga miili yao wenyewe, na hiyo kondoo huipata baadaye anapowameng'enya bakteria hao katika utumbo mwembamba.

Niliposikia hayo nilicheka peke yangu, maana sisi Wafipa tunaijua kazi ya kuipokonya oksijeni, ingawa wazee wetu hawakuiita hivyo. Yale malungu, tanuri ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yamesimama huku na huku Ufipa, yalifanya jambo hilohilo. Mawe ya chuma yaliwekwa ndani pamoja na makaa, hewa ikaingia yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto, makaa yakala oksijeni iliyoshikamana na chuma, na chuma kikabaki. Tofauti ni kwamba katika malungu kilichopokonywa oksijeni ndicho kilichotafutwa, na mavi ya chuma yakatupwa. Katika tumbo la kondoo kilichopokonywa oksijeni ndicho kinachotupwa, na ndicho mavi yenyewe. Ningalikuwa bado darasani ningaliwapeleka wanafunzi wakaguse lungu kwa mkono mmoja na kondoo kwa mkono wa pili.

Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Wright na Bell, waliwapa kondoo na nguruwe seleniamu yenye mionzi, ili waweze kuifuata popote iendapo. Nguruwe, ambaye hacheui, alifyonza zaidi ya robo tatu ya alichokula. Kondoo alifyonza karibu theluthi tu. Hiyo ndiyo kazi ya tumbo la kwanza. Ndiyo maana kondoo aweza kustahimili malisho yenye seleniamu hata miligramu 5 katika kila kilo, mara nyingi kuliko mahitaji yake, na wewe usijue.

Lakini dawa iliyoingia kwa sindano msulini haikuonja tumbo lile. Iliingia katika damu yote, miligramu 10 kamili. Humo, chembe nyekundu za damu huikamata katika dakika chache na kuipokonya oksijeni kwa njia yao, kisha hubebwa hadi kwenye ini. Ini ndilo ofisi kuu. Kwanza huchukua kiasi linachohitaji kujengea protini za kazi, na hicho hulindwa kama mbegu. Kinachobaki lazima kitoke, na ini lina namna mbili za kukivalisha nguo ya safari.

Ya kwanza ni kukifunga kwenye sukari. Kiungo hicho cha seleniamu na sukari huyeyuka majini, figo hukichuja, na mnyama hukikojoa. Wajapani ndio walioitambua sukari hiyo katika mkojo wa panya, mwaka 2002, na hivyo ni elimu changa kuliko wengi wa wajukuu zangu. Njia hii hutosha pale ziada inapokuwa ndogo.

Ziada ikiwa kubwa, ini huongeza namna ya pili: huibandika seleniamu vikundi vya kaboni na hidrojeni viitwavyo methili, kimoja, viwili, vitatu. Ikipata vitatu, hutoka kwa mkojo pia. Ikipata viwili, huwa gesi. Gesi hiyo husafiri na damu mpaka kwenye mapafu, na kutoka na pumzi. Nayo, ndugu msomaji, inanuka kitunguu saumu.

Nilipofika hapo nilikumbuka pembeni mwa gazeti langu. Dada, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, alikuwa amenusa kwa pua yake jambo lile lile nililokuwa ninalisoma. Harufu ile ilikuwa na maana mbili kwa pamoja. Ilimaanisha kwamba kiasi kilikuwa kikubwa hata mkojo peke yake haukukimudu. Na ilimaanisha kwamba ini la kondoo wale lilikuwa hai na linafanya kazi ya kutoa. Kwa wanakondoo mambo yalikwenda upesi mno. Mapafu yalijaa maji kabla ini halijapata nafasi.

Jibu la swali lake la kwanza, basi, lilikuwa: ndiyo, inatoka, kwa mkojo zaidi, kwa kuwa iliingia kwa sindano, na kwa pumzi siku za mwanzo, na kidogo kwa kinyesi. Siku za mwanzo hutoka kwa wingi, halafu hupungua polepole kwa wiki nyingi, kwa sababu kile kilichokwisha kujengwa ndani ya protini hakitoki mpaka protini ichakae. Nyingine huingia katika nywele na kwato na kukaa humo mpaka ziote na kukatika. Huko Marekani, mwaka 1856, daktari wa jeshi katika ngome ya Fort Randall aliandika habari za farasi waliopoteza manyoya ya shingo na mkia na kwato zao zikaharibika. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo ilipothibitishwa huko South Dakota kwamba chanzo cha maradhi ya namna hiyo ni mimea iliyonyonya seleniamu nyingi kutoka ardhini. Seleniamu ya ndani ya mimea ni hatari kwa namna yake, maana imejificha katika sura ya chakula cha protini, mwili hauitambui, unaijengea misuli kama tofali lolote. Kondoo wa dada hawakuwa katika hali hiyo. Wao walipata chumvi, mara moja, nyingi.

Likabaki swali la mchinjaji, na hili lilinikosesha usingizi kuliko kemia yote. Seleniamu iliyozidi haikai sawa katika mwili mzima. Ini na figo ndizo zinazobeba nyingi, kwa kuwa ndizo zinazofanya kazi ya kuitoa. Nyama ya paja hubeba kidogo. Sasa, kwetu sisi kondoo akichinjwa, kipi huliwa kwanza? Maini. Huchomwa palepale kabla ngozi haijakauka, akapewa mzee, au mgeni, au mtoto aliyeshika miguu ya mnyama. Kiungo kilichobeba sumu nyingi kuliko vyote ndicho kinachofika mdomoni siku ileile, na kwa heshima. Dozi halali peke yake, wenye dawa huagiza mnyama asichinjwe kwa wiki mbili. Hawa walipata mara sita. Afisa mifugo alisema wakae miezi miwili.

Nikamwambia dada: "Dada, usiwauze. Wakifa, tutawazika. Wakiishi, utawauza mwezi wa sita wakiwa wanene." Ni rahisi kwangu kusema, kondoo hawakuwa wangu. Aliniuliza, "Na mtoto akipangiwa shule mapema?" Nilimjibu kuwa nauli ya mtoto itatoka kwenye pensheni yangu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema atamwambia mchinjaji arudi kwake. Sijui alimwambia maneno gani, lakini mtu yule hakunisalimia mpaka msimu wa mavuno.

Siku ya tatu alikufa jike mmoja, yule aliyekonda kuliko wenzake, wa kilo kama 22. Hesabu yake nilikuwa nimekwisha kuifanya na sikuipenda: karibu nusu miligramu kwa kila kilo. Tukachimba shimo refu nyuma ya mbolea. Majirani walikuja kutazama, na minong'ono ilikuwa mingi: mzee huyu wa vitabu anafukia nyama, watoto wanakula maharage. Kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba moto huua kila sumu. Nilimwambia moto huua vijidudu, lakini elementi haifi. Ichemshe mpaka kesho, seleniamu ni seleniamu. Nadhani hakuamini. Dada ndiye aliyemaliza maneno kwa kumwaga ndoo nzima ya majivu juu ya mzoga kabla ya udongo kurudishwa.

Watano waliobaki walianza kula siku ya nne. Harufu ya kitunguu saumu ilikuwa imepotea kabla ya hapo. Dada alikuwa akiwanusa kila asubuhi na jioni, na nikampa daftari la shule ili mjukuu aandike. Ninalo bado. Limeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Dume, hanuki. Jike mwenye doa, ananuka kidogo. Jike mwenye doa, hanuki."

Halafu likaja swali la samadi, ambalo sikulitegemea. Ilikuwa ndiyo majira ya kuinua ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ambayo ndani yake tunazika majani yaoze, tukapanda maharage juu. Dada huchanganya samadi ya kondoo humo. Akaogopa: je, sumu haitapanda katika maharage? Hapo nilikuwa na jibu zuri kuliko yote, kutoka New Zealand, nchi ya kondoo kwelikweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa huko walichunguza seleniamu iliyomo katika kinyesi cha kondoo na kukuta kwamba nyingi ni ile isiyoyeyuka. Wakaiweka katika udongo na kupanda mimea juu yake. Mimea ikachukua kiasi kidogo mno, kama si kitu. Kazi iliyofanywa na bakteria tumboni huendelea kuwa na faida shambani. Na hata hivyo, kondoo watano waliopata miligramu 10 kila mmoja, gramu moja ingetaka kondoo 100 kama wao. Samadi ikaenda kwenye ntumba. Maharage yalikuwa mazuri mwaka ule, na nilipelekewa debe.

Mwezi wa sita dada aliuza dume na majike wawili mnadani, kwa bei ya kawaida. Mtoto alipopangiwa shule mkoani Mbeya, godoro na sanduku vilikuwa tayari. Nauli nilitoa mimi kama nilivyoahidi, ijapokuwa dada alijaribu kunirudishia.

Majike wawili waliobaki wakazaa mwaka uliofuata, na safari hii afisa mifugo alifika mwenyewe na chupa ya wanakondoo, ile ya robo miligramu. Alileta mizani ya kupimia maharage, akamning'iniza mwanakondoo kwenye kiroba: kilo 4 na nusu. Mililita 1. Kabla ya kuchoma, dada alimwomba amwonyeshe nambari iliyoandikwa kwenye chupa. Hajui kusoma, lakini nambari za fedha anazijua zote. Aliitazama, akanigeukia, akaniambia nimsomee na mimi.